Ufundi wa Mkosi katika Tanzia ya Mapenzi

Tanzia ya mapenzi haisimami bila mkosi, na mkosi nao una mafundi wake. Fundi asiye na subira huuangusha kutoka juu pale anapouhitaji. Fundi stadi huufuma tangu kitakoni, kama mwanamke wa Matinyani, kule Kitui nchini Kenya, anavyoanza kikapu cha kiondo, hata kazi ikifika ukingoni mtazamaji atambue kwamba uzi ule ulikuwamo siku zote.

Kielelezo chake maarufu ni Romeo and Juliet ya Shakespeare, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1597. Utangulizi unatoboa mapema kwamba wapenzi watakufa. Hadhira inabaki kutazama njia tu. Njia hiyo inaanzia kwa jambo dogo. Mtumishi wa Capulet, baba yake Juliet, amepewa orodha ya waalikwa wa karamu na hajui kusoma, basi anamwomba kijana mpita njia amsomee. Kijana huyo ni Romeo, mtoto wa adui.

Wazee wa Matinyani hawahitaji kufafanuliwa tukio hilo. Barua za wanaume waliokwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa zilipitia sanduku la posta la shule au la kanisa, kisha mama asiyejua kusoma akamwita mtoto wa jirani amsomee. Habari za fedha, za ugonjwa, hata za mke wa pili, zilipita kwanza kinywani mwa mtu wa nje. Aliyeishi hivyo anajua jinsi karatasi moja inavyoweza kupindua nyumba.

Karatasi ya pili katika tamthilia ndiyo inayoua. Padri John anatumwa Mantua, na kasisi aliyewafungisha wapenzi ndoa, apeleke barua ya kumweleza Romeo kwamba Juliet hajafa, amelala tu kwa dawa, lakini anafungiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni. Balthasar, mtumishi wa Romeo aliyeona mazishi tu, anatangulia kufika. Hiyo ni bahati mbaya kweli, ila imetayarishiwa mahali pa kutua. Uhasama wa koo mbili umelazimisha ndoa ya siri. Capulet ameivuta harusi nyingine anayomlazimisha bintiye kutoka Alhamisi hadi Jumatano. Romeo hangoji kuuliza mara mbili. Katika utenzi wa Arthur Brooke wa mwaka 1562, ambao Shakespeare aliutumia, mapenzi haya yalichukua miezi. Yeye aliyabana yakawa siku zisizotimia wiki, na katika mbano huo kuchelewa kidogo kunatosha kuua.

Fasihi ya Kiswahili ina barua yake. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), barua ya mapenzi ya Charles kwa Rosa haipotei njiani. Inaangukia mikononi mwa Zakaria, baba yake Rosa, naye anampiga vibaya. Binti anakua akiwaogopa wanaume, na akienda kusoma mbali anapotea kwa kutowajua. Baadaye uchumba wake na Charles huyo huyo unavunjika, naye anajiua. Kipigo cha mwanzo kinasikika hadi ukurasa wa mwisho.

Kitui nayo ilikuwa na shule ya ufundi huu: ngano za jioni kando ya moto, ambazo John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, alihifadhi baadhi yake katika Akamba Stories (1966). Msichana aliyemfuata mgeni mzuri akakuta ni zimwi alikuwa ameonywa mapema, na msikilizaji alilisikia onyo hilo pamoja naye.

Subira hiyo imekuwa adimu. Katika michezo mingi ya runinga siku hizi mpenzi hugongwa na gari kipindi cha mwisho, kwa sababu tu hadithi imefika ukomo. Mali ghafi haijapungua: simu huzima chaji, mtandao hupotea, ujumbe husomwa na asiyekusudiwa. Kilichopungua ni mkono wa kuifuma. Na hasara yake inavuka jukwaa, maana hadhira inayolishwa ajali tupu huzoea kuuita kila msiba majaaliwa, huku baba mkali, koo zenye kinyongo na kasisi mficha siri wakienda zao bila kuulizwa.