Askari wa Chuma na Jina Lake: Uhakiki wa Filamu ya RoboCop

Wapo walimu wenzetu wanaoona kwamba filamu za bunduki na mashine za siku zijazo hazistahili nafasi katika kurasa za watu wanaofundisha lugha na fasihi. Hoja yao si ya kupuuzwa. RoboCop, iliyotolewa Marekani mwaka 1987 na kuongozwa na Mholanzi Paul Verhoeven, ina mauaji ya kutisha kiasi kwamba wapangaji wa madaraja ya filamu wa nchi hiyo hawakuridhika nayo mpaka ilipokatwa mara kadhaa. Hata hivyo vijana, na wazee wao pia, wameendelea kuitazama kwa zaidi ya miaka 35. Kazi inayopendwa muda wote huo yadai kuhakikiwa, wala haitoshi kuilaani tu.

Kisa chenyewe ni chepesi. Katika Detroit ya siku zijazo, kampuni iitwayo OCP imekabidhiwa kuendesha jeshi la polisi. Askari Alex Murphy anauawa kinyama na genge la Clarence Boddicker ndani ya kiwanda kilichoachwa ukiwa. Kampuni inauchukua mwili wake, inaugeuza mashine yenye silaha, inafuta kumbukumbu zake, kisha inamrudisha barabarani. Katika kuwasaka wahalifu anagundua kwamba yeye alikuwa mtu, tena mwenye mke na mwana.

Wengi husema kwamba mvuto wa filamu hii ni kisasi. Ni kweli kwa kiasi. Lakini filamu za kisasi ni nyingi mno, na nyingi zimekwisha kusahauliwa. Mimi naona siri yake iko kwenye mkono. Mafundi wanaomtengeneza Murphy wanafaulu kuuokoa mkono wake mmoja. Bob Morton, mkuu wa mradi, hafurahi hata kidogo: anaagiza uondolewe. Wenzake wanakumbushana kwamba askari huyo alikwisha kutia sahihi, na kwa sheria ni maiti. Yote haya tunayatazama kwa macho ya Murphy mwenyewe, aliyelala asiweze kutamka neno. Hapapigwi hata risasi moja, na kwangu hilo ndilo tukio katili kupita yote. Mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya meza ya wakubwa wakaliamua shauri lake kana kwamba hayupo, atalielewa bila kufundishwa.

Filamu nyingine yenye jina hilo hilo ilitolewa mwaka 2014. Humo Murphy anaachiwa mkono mmoja wa nyama na damu, na umwagaji damu umepunguzwa sana. Ni filamu yenye adabu zaidi, lakini haiumi.

Upande wa fani, silaha kubwa ya Verhoeven ni kejeli. Kisa hukatizwa mara kwa mara na taarifa za habari zinazosomwa kwa tabasamu, na matangazo ya biashara, likiwamo la mchezo wa mezani ambamo familia hufurahia vita vya nyuklia. Katika mabanda ya video ya Afrika Mashariki, ambako msimulizi hufasiri filamu papo kwa papo kwa Kiswahili au Kiganda, matangazo hayo ndiyo mtihani wake. Akiyapita upesi ili awahi bunduki, amewapa watazamaji nusu ya kazi. Mwalimu anayetafuta zoezi gumu la tafsiri angeweza kuanzia hapo, maana kufasiri kejeli si sawa na kufasiri maneno.

Kejeli hiyo hiyo ndiyo inayozua ubishi. Katika chumba cha mkutano, mashine iitwayo ED-209 inaonyeshwa kwa wakurugenzi. Mfanyakazi kijana anaambiwa ailenge bastola; mashine inamwamuru aitupe; anaitupa; mashine haitambui, inahesabu, kisha inammiminia risasi mbele ya wote. Dick Jones, mwenye mradi huo, anaiita hitilafu ndogo tu. Mtazamaji hucheka. Je, anaicheka kampuni, au ameanza kuzoea damu? Baada ya muda mashine hiyo hiyo inaanguka kwa kushindwa kushuka ngazi, na kicheko kinakuwa halali kabisa. Lakini kile cha kwanza hakina jibu jepesi, na mwalimu asiwafiche wanafunzi wake jambo hilo.

Sifa kubwa ampewe mwigizaji Peter Weller. Kofia ya chuma inamfunika macho kwa sehemu kubwa ya filamu, akabakiwa na kinywa na kidevu tu. Alijifunza mwendo wake kwa mwalimu wa maigizo bubu, Moni Yakim. Kila anapogeuza kichwa kabla ya kiwiliwili, tunaona mtu aliyefungwa ndani ya mali ya wengine.

Kasoro iko mwishoni. Ndani ya Murphy imefichwa amri ya nne, inayomzuia kumkamata mkubwa yeyote wa OCP. Hawezi kumgusa Jones mpaka mzee mwenye kampuni amfukuze kazi papo hapo. Ndipo anapompiga risasi. Mzee anamsifu na kumwuliza jina, naye anajibu kwamba ni Murphy. Ukumbi hushangilia. Lakini ruhusa ameipata kwa mwenye kampuni, na kampuni bado ni yake.