Maswali Kumi na Mawili na Moyo wa Mwanadamu

Nabii Yeremia, katika sura ya 17, anaueleza moyo wa mwanadamu kuwa na hila kuliko tunavyodhani, na kazi ya kuuchunguza mpaka ndani anamwachia Bwana. Siku hizi kazi hiyo imepata dodoso. Vijana wetu, wa Singida mjini na hata wa Ikungi na Kiomboi, wanatumiana kwenye simu maswali mafupi ya kuonyesha kama wewe, au mchumba wako, una tabia za giza. Wapo pia wazee wa kanisa wanaouliza kama maswali hayo yangetusaidia kuwachuja waombaji wa uinjilisti na watunza hazina. Wanaouliza hivyo wameshaumizwa na viongozi wabaya, kwa hiyo wanastahili jibu la heshima. Basi tuyasome maswali yenyewe.

Mwaka 2002 Delroy Paulhus na Kevin Williams wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliandika juu ya tabia tatu zinazofuatana ingawa kila moja ina sura yake. Ya kwanza ni majivuno ya mtu anayetaka kutukuzwa. Ya pili ni hila ya kuwatumia watu, iliyopewa jina la Machiavelli, mwandishi wa Italia aliyeandika juu ya utawala. Ya tatu ni ugumu wa moyo usiojuta, ambao wataalamu huuita saikopathi. Zote kwa pamoja wameziita utatu wa giza. Sisi ambao neno Utatu tumelitunza kwa ajili ya Mungu, tuziite tu tabia tatu za giza.

Zamani kila tabia ilikuwa na kipimo chake, na ukiviunganisha unapata maswali 91. Mwaka 2010 Peter Jonason na Gregory Webster wakavifupisha kuwa sentensi 12, nne kwa kila tabia. Mwaka 2014 Daniel Jones na Paulhus wakatoa dodoso la sentensi 27. Anayejibu husoma sentensi, kisha huchagua namba kuonyesha anakubaliana nayo kiasi gani.

Ufupi huo una sababu nzuri. Mtafiti anayelinganisha mamia ya watu hawezi kumkalisha kila mmoja saa nzima, na mtu akichoka hujaza tu ili amalize. Tena wataalamu hawa hawakuwagawa watu katika mafungu mawili, wabaya huku na wema kule. Kwa kipimo chao kila mtu ana kiasi chake cha giza. Hapo wamekaribia alichofundisha Luther, kwamba aaminiye ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Shida inaanza pale chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya utafiti wa makundi kinapogeuzwa kuwa hakimu wa mtu mmoja.

Kwanza, mtuhumiwa ndiye shahidi pekee. Dodoso linamwuliza mtu kama amewahi kudanganya ili apate anachotaka. Katika utafiti usiotaja majina anaweza kusema kweli, maana hana cha kupoteza. Mbele ya kamati ya ajira anacho. Mweka hazina aliyekula fedha za kikundi cha alizeti atajipa namba ndogo kabisa, na binti mwenye dhamiri nyepesi atajipa kubwa kwa uongo mmoja aliomwambia mama yake. Wataalamu wenyewe wanalijua hilo. Kipimo cha saikopathi cha Robert Hare, chenye vipengele 20, hakijazwi na mhusika. Hujazwa na mtu aliyefunzwa, baada ya mahojiano na baada ya kusoma kumbukumbu za maisha ya mhusika. Hata Torati, katika Kumbukumbu la Torati 19, haikuruhusu neno la shahidi mmoja limtie mtu hatiani.

Pili, sentensi zote 12 zimeelekea upande mmoja: ukikubali, umehesabiwa giza. Lakini kwetu mgeni mwenye karatasi akiuliza, mtu mwenye adabu huitikia ndiyo. Rachid Laajaj na Karen Macours walipowapima wakulima wa magharibi mwa Kenya, waliona kwamba majibu ya maswali ya tabia yalikuwa na makosa mengi, na desturi hiyo ya kukubali kila kinachosomwa ilikuwa sababu mojawapo. Mwaka 2019 Laajaj na wenzake walichapisha uchunguzi wa takwimu za nchi 23 za kipato cha chini na cha kati. Maswali ya tabia yaliyozoeleka, yalipoulizwa ana kwa ana, mara nyingi hayakupima yaliyokusudiwa. Maswali yale hayakuhusu tabia za giza, lakini udhaifu wa chombo ni uleule.

Tatu, maneno hayasafiri salama. Sentensi moja inauliza kama unatarajia upendeleo kutoka kwa wengine. Mzee wa Kinyaturu anayetarajia kupewa kiti wageni wakijaa, je, ana majivuno? Nyingine inauliza kama umewahi kutumia sifa ili upate unalotaka. Mshenga wetu afanye kazi gani basi? Nyingine ina neno la Kiingereza la mtu asiyeamini kwamba yupo anayetenda wema bila kutafuta faida. Si rahisi kulitafsiri hilo kwa Kiswahili cha kila siku, na kila mtafsiri anaweza kuishia kupima kitu chake.

Nne, sentensi nne hazitoshi. Mwaka 2012 Joshua Miller na wenzake waliichunguza sehemu ya saikopathi katika dodoso la sentensi 12, wakaonyesha kwamba inaacha mambo ya msingi, kama vile kushindwa kujizuia.

Sisi Walutheri tunalo dodoso fupi la zamani zaidi. Katika Katekisimo Ndogo, sehemu ya maungamo, Luther anamwelekeza mtu ajitazame mahali alipowekwa, kwa mwanga wa Amri Kumi: ni baba, mama, mtoto, au mtumishi? Amekuwa mtiifu na mwaminifu, au mvivu? Amemwumiza nani kwa neno au tendo? Maswali haya yanauliza umemtendea nani nini. Hayana jumla ya alama, na mwisho wake ni ondoleo la dhambi. Nayo Maungamo ya Augsburg ya mwaka 1530, kifungu cha 11, yanakiri kwamba hakuna awezaye kuzihesabu dhambi zake zote. Wazee wetu wa imani walijua kwamba orodha haiwezi kuumaliza moyo.

Kamati zetu zifanye nini, basi? Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 3, unataka mtumishi ajaribiwe kwanza, tena ashuhudiwe mema hata na walio nje ya kanisa. Hiyo ni kazi ya miezi. Waulizwe majirani, aliyemkopesha, anayemchungia ng'ombe. Na baada ya kumchagua, fedha za usharika zitoke kwa sahihi mbili, na hesabu zisomwe mbele ya washarika wote. Taratibu hizo humsaidia hata mwaminifu, maana naye ana kiasi chake cha giza.

Kwenu vijana: mtazame mchumba wako anapokasirika, anaposhika fedha isiyo yake, anapozungumza na mtu asiye na cha kumpa. Kumbandika mwenzako jina la saikopathi kwa sababu ya namba za kwenye simu ni kuivunja amri ya nane. Lakini kama anakupiga au anakutishia, usingoje dodoso lolote likuthibitishie. Mwambie mtu unayemwamini, nenda kwa mchungaji, nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Tendo hilo limeshashuhudia, na wewe unatosha kuwa shahidi wake wa kwanza.