Je, Taifa Dogo ni Nyasi?

Msomaji, methali zetu husifiwa mara nyingi kuliko zinavyopimwa. Tuichukue moja leo tuitie katika mizani: Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Kila mataifa makubwa yanaposhindana, methali hii hutamkwa kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kukatwa, kwamba mdogo hana la kufanya ila kungoja kukanyagwa. Je, hukumu hiyo ni ya haki? Tuwaite mashahidi wawili.

Shahidi wa kwanza ni Siam, nchi ambayo leo huitwa Thailand. Mwishoni mwa karne ya 19 Uingereza ilikuwa imeshika Burma upande wa magharibi, na Ufaransa imeshika Vietnam na Kambodia upande wa mashariki. Mwaka 1893 manowari za Ufaransa zilipita kwa nguvu mlangoni mwa mto, zikatia nanga Bangkok. Mfalme Chulalongkorn alilazimika kutoa nchi iliyo mashariki ya mto Mekong na kulipa fidia. Lakini hakukaa kulia. Mshauri wake mkuu alikuwa Mbelgiji, mtu wa taifa dogo lisiloweza kuimeza Siam. Aliutengeneza upya utawala wa majimbo yake, na mwaka 1897 alisafiri Ulaya, akapokewa na wafalme, hata na mfalme wa Urusi aliyekuwa rafiki wa Ufaransa. Nchi yake haikupata kuwa koloni la Wazungu.

Hapo methali yakosa mara ya kwanza. Nyasi hazina ulimi wa kunena wala miguu ya kwendea kwa jirani. Taifa lina vyote viwili.

Shahidi wa pili yu karibu nasi: Unguja ya Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Yeye aliegemea nguzo moja, Uingereza. Mwaka 1885, Wajerumani walipodai nchi za bara na manowari zao kusimama mbele ya mji wake, aliitazama nguzo hiyo, nayo haikumtetea. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana: bara alibakiziwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, pamoja na miji michache ya kaskazini. Mwaka 1890 Unguja yenyewe ikawekwa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Tazama sana, msomaji: hapa hakuna tembo waliopigana. Walipatana, na nyasi zikaumia vilevile. Hilo ndilo kosa la pili la methali. Hutufundisha kuogopa ugomvi wa wakubwa, ikanyamaza juu ya mapatano yao.

Pengine utasema kwamba Siam nayo ilijadiliwa bila kuitwa, na utasema kweli. Januari 1896 Uingereza na Ufaransa zilikubaliana kuliacha bonde la katikati la Siam, kwa kuwa kila moja ilichelea kupakana na mwenziwe. Mahali ilipo nchi hiyo palikuwa bahati, na bahati hiyo Barghash hakuwa nayo. Kwa hiyo si haki kumpa mmoja sifa zote na mwingine lawama zote. Lakini bahati ilipobisha hodi Siam, ilimkuta mwenye nyumba yu macho.

Liko na la tatu, nalo ni zito. Mwaka 1909 Siam iliipa Uingereza haki zake juu ya Kedah, Kelantan, Terengganu na Perlis. Watu wa huko hawakuulizwa, kama walivyokuwa hawakuulizwa watu wa ng'ambo ya Mekong. Taifa lililokataa kuwa nyasi liliwafanya wengine nyasi. Anayesifu werevu wa Siam bila kutaja watu hao ameandika nusu ya habari.

Basi usiitupe methali hii. Ishike kama onyo, usiipokee kama hukumu. Usomapo habari za mdogo aliye kati ya wakubwa wawili, uliza: Ana marafiki wangapi? Nyumba yake i imara kiasi gani? Na gharama ya kuokoka kwake, ni nani aliyeilipa?