Kuosha Kibofu Kipya: Dawa Iingie Lini, na Wapi?

Anayeondolewa kibofu cha mkojo kwa sababu ya saratani hutoka chumba cha upasuaji akiwa na njia mpya ya mkojo iliyoshonwa kwa utumbo wake mwenyewe. Wengine hupata njia aliyoieneza Eugene Bricker wa Marekani mwaka 1950: kipande kifupi cha utumbo mwembamba hupokea mkojo kutoka kwenye figo na kuutoa tumboni, ukaingia kwenye mfuko. Wengine hutengenezewa kibofu kizima. Kwa mbinu ya Urs Studer wa Bern, Uswisi, zaidi ya sentimita 50 za utumbo mwembamba hutengwa, sehemu kubwa ikapasuliwa na kukunjwa mpaka ikawa mfuko.

Shida ni kwamba utumbo huo hauachi tabia yake. Unaendelea kutoa ute, na ute huziba mpira wa mkojo. Mkojo ukituama, bakteria huzaana, na wakifika kwenye figo mgonjwa hushikwa na homa, kutetemeka na maumivu ya ubavuni. Maambukizi haya ni miongoni mwa sababu kubwa za kurudishwa wodini katika miezi 3 ya kwanza.

Ndiyo maana wauguzi husukuma maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kupitia mpira, mara kadhaa kwa siku, mpaka ute utoke. Hapo huja swali la haki kabisa: kama tunaosha tayari, kwa nini tusiongeze dawa ya kuua vijidudu?

Jibu la kwanza lilivunja moyo. Mwaka 1978 John Warren na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wenye mpira wa mkojo. Kundi moja lilioshwa kibofu kwa neomaisini na polimiksini, jingine halikuoshwa. Viwango vya maambukizi vilikaribiana, na vijidudu vilivyobaki kwa waliooshwa vilikuwa sugu zaidi kwa dawa hizo. Tena viungio vya mipira yao vilifunguka mara nyingi zaidi. Hilo la viungio ndilo linalostahili kukaziwa macho. Mfumo uliofungwa, kuanzia mpira hadi mfuko, ni kinga yenyewe. Kila unapofunguliwa ili dawa iingie, bakteria nao hupata mwanya.

Miaka 41 baadaye, hospitali 3 za Australia zilijaribu dawa mahali pengine. Zilitumia klorheksidini ya asilimia 0.1 kusafisha tundu la mkojo kabla ya kuingiza mpira, badala ya maji ya chumvi, na maambukizi yakapungua sana. Dawa ilifanya kazi yake mlangoni, mara moja, bila kufungua chochote baadaye.

Kibofu cha utumbo kina ugumu wa ziada. Povidoni-iodini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, hupoteza nguvu inapokutana na uchafu wenye protini, na ute ni wa aina hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuijaribu hana budi kuuondoa ute kwanza kwa maji ya chumvi. Isitoshe, utumbo umeumbwa kufyonza: iodini inaweza kuingia kwenye damu, jambo zito kwa mwenye figo dhaifu au ugonjwa wa tezi ya shingo.

Kuna mtego mwingine, nao uko maabara. Mkojo unaopita kwenye kipande cha utumbo huwa na bakteria karibu kila mara, hata mtu akiwa mzima. Daktari anayetibu karatasi ya majibu humpa dawa asiyeumwa, na usugu huongezeka. Kwa hiyo utafiti wa kuosha kwa dawa unapaswa kuhesabu homa, figo zilizoambukizwa na waliorudishwa wodini.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kufuatilia. Kichocho cha mkojo, kinachofahamika Unguja, Pemba na maeneo ya kanda ya Ziwa, huweza kusababisha saratani ya kibofu. Miongoni mwa wanaougua, wapo watakaohitaji upasuaji huu, kisha warudi nyumbani wakiwa na mpira, bomba la sindano na chupa ya maji ya chumvi. Ndugu atakayewaosha anahitaji kufundishwa kabla ya ruhusa: kunawa mikono kwa sabuni, kufuta kiungio kwa spiriti, kusukuma taratibu, na kurudi hospitali siku hiyohiyo homa ikipanda.