Hasara ya nyuklia: ni nani aliyeandika orodha?

Wandugu, kila mara tukiongea juu ya ajali za nyuklia, mutu analeta namba moja kubwa na mjadala unaisha. Mimi naona ni pale hasa mjadala ungeanza.

Tuchukue Fukushima, 2011. Mwaka 2016 serikali ya Japani ilikadiria hasara kuwa yeni trilioni 21.5. Ukifungua hesabu, unakuta mafungu manne tu: kuvunja mitambo 8, fidia 7.9, kusafisha udongo na nyumba 4, kuhifadhi taka 1.6. Mwaka 2019 Japan Center for Economic Research ikatoa kati ya 35 na 81, kufuatana na namna mitambo na maji yenye mionzi vitakavyoshughulikiwa. Ajali ni ile ile. Kilichobadilika ni orodha.

Lakini hata orodha ndefu iko na tatizo: inahesabu kile kilicho na karatasi au bei. Kule waliohamishwa walilipwa yeni 100,000 kwa mwezi juu ya mateso ya moyo. Tunaweza kubisha kiasi hicho, lakini angalau majina yao yalikuwa yameandikwa.

Sasa tulete hesabu hiyo kwetu. Kinshasa, kwenye kilima cha Unikin, kuko mtambo mdogo wa utafiti, TRICO II. Umesimama tangu 2004, na mmomonyoko unakula kilima hicho. Sisemi utalipuka, nguvu yake ni megawati 1 tu. Nauliza: mionzi ikitoka, hasara ya mama anayeuza mboga pale chini itaandikwa wapi? Hana karatasi ya mshahara. Na kama ingekuwa hapa Kayna, shamba la maharagwe ambalo babu aliacha kwa maneno tu, bila hati, lingehesabiwa karibu sifuri.

Ubaya uko hapo. Penye maskini, ajali inaonekana ya bei ndogo. Na ajali ikiwa ya bei ndogo, kuizuia kunaonekana ni kupoteza pesa.

Mutaniambia: bila namba, serikali haisikii. Kweli, sikatai namba. Ila ninyi munaoandika mémoire ya uchumi, mbele ya kuweka jumla, andikeni pia ni hasara gani mumeacha inje, na ni ya nani. Mwalimu akiuliza juu ya nini, mumuonyeshe lile shamba la babu.