Nane kwa Mia

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi karani wa hesabu msemo huo nimeuishi miaka kumi na saba. Kwa hiyo pikipiki yangu ina daftari lake. Mstari wa kwanza ni shilingi 350,000, bei ya Honda CG125 iliyokuwa imelala miaka kadhaa kwenye banda la kuku nje kidogo ya Morogoro mjini. Mstari wa pili ni 30,000 za kirikuu kilichoibeba mpaka Mafiga, maana gurudumu la nyuma lilikuwa limekataa kuzunguka. Mstari wa mwisho ni jumla: 907,000. Nimeijumlisha mara nne, iko sawa. Hata hivyo kila nikiisoma naona kuna kitu hesabu hii haikukiandika.

Vijana wa kijiweni walipoiona inashushwa waliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: kwa nini usiongeze hela ununue mpya? Kwa dereva wa bodaboda anayedaiwa hesabu na tajiri kila jioni, pikipiki ya kulala kwa fundi wiki tatu ni njaa, na sitamshauri afanye nilivyofanya. Mimi nilitaka chombo cha kunifikisha kazini na, Jumamosi mbili kwa mwezi, kwa mama yangu Mgeta, ambako barabara inaukwea Uluguru kwa kona zisizo na huruma.

Nilikuwa pia na sababu ya kuitaka hiyo na si nyingine. CG125 ilianza kutoka kiwandani mwaka 1976, nayo iliundwa kwa kutufikiria watu kama sisi. Honda walikuwa wamekwenda kutazama jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi zinazoendelea, wakayaona tunayoyaona kila siku: magunia juu ya kiti, vumbi, oili isiyobadilishwa mpaka inageuka lami. Pikipiki zao za ukubwa ule zilikuwa na kamshafti juu kwenye hedi, ikizungushwa na cheni ya taimingi, na oili ikichakaa cheni hiyo ndiyo inayoumia. Basi wakaiteremsha kamshafti chini, wakaweka pushirodi mbili nyembamba za kusukumia valvu. Cheni ya kuzungusha gurudumu wakaifungia yote ndani ya kasha la bati. Filta ya oili ya kununua hakuna. Kuna kikombe kinachozunguka pamoja na injini, kinarusha uchafu pembeni na kuubakiza humo mpaka siku utakapokifungua na kukifuta. Baadaye viwanda vya China viliiga injini ile, na leo bodaboda nyingi zinazopita mbele ya nyumba yako zimebeba kizazi chake. Ndiyo maana pistoni yake utaipata hata kwenye duka lenye rafu tatu.

Lakini pistoni haijifungi yenyewe.

Fundi wangu ni mzee mwenye benchi la mninga chini ya mwembe, turubai la bluu, na vijana wawili anaowafundisha. Hana kibao. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, siku hizi huwapima mafundi waliojifunzia mitaani na kuwapa vyeti, na mmoja wa vijana wake anacho. Mzee mwenyewe hakwenda, anasema siku hizo kulikuwa na kazi.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nani kakuuzia huyu mgonjwa?”

Hakugusa spana. Aliizunguka pikipiki kwanza, mikono nyuma. Alichomoa kijiti cha oili akakinusa. Aliingiza kidole kwenye mdomo wa ekzosi, akakitoa, akayasugua masizi kwa kidole gumba: makavu, hayana unyevu wa mafuta. Kisha akaweka mguu kwenye kiki, akaukandamiza taratibu, kiki haikushuka hata inchi.

“Imeganda,” akasema. “Haijafa.”

Nimelifikiria sana neno lile. Fundi mwingine niliyemfuata kabla yake alijaribu kiki hiyohiyo akaniambia injini imekwisha, nitafute nyingine. Wote wawili waligusa chuma kilekile. Mmoja alisikia ukuta, mwenzake akasikia kutu. Mzee alifungua plagi, akamimina kikombe kidogo cha dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi kwenye tundu lake, akalifunika kwa kitambaa, akaniambia nirudi baada ya siku tatu. Nilimwuliza kwa nini tusiigonge kidogo, au tuisukume ikiwa kwenye gia.

“Ukiilazimisha leo, utalipa mara mbili.”

Siku ya nne kiki ilishuka, pole pole. Wakaishusha injini, wakaifungua juu ya gunia safi, kila nati kwenye kopo lake. Wakati bloku limetoka na konrodi imebaki imesimama uchi, mzee aliishika kwa vidole viwili, akafumba macho, akaivuta juu na kuisukuma chini. Aliirudia labda mara kumi. Halafu akaitikisa kushoto na kulia.

“Juu na chini haichezi. Pembeni inacheza kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.”

Sentensi hiyo haiko kwenye daftari langu, na ndiyo iliyokuwa ya thamani kuliko zote. Duka moja la spea lilikuwa tayari limeniandalia injini nzima mpya ya kuchomeka palepale, na nilikuwa nimeshaanza kuhesabu nitakopa wapi. Vidole viwili na macho yaliyofumbwa vilinipa krenki yangu, beringi zake, gia zangu zote. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba ufundi, kwa sehemu yake kubwa, ni kujua cha kuacha. Kubadilisha kila kitu kunahitaji hela tu. Kusema hiki kizima, kirudishwe, na kutia jina lako juu ya kauli hiyo, kunahitaji mtu aliyewahi kukosea akakumbuka.

Bloku lenyewe lilikuwa limekwaruzwa na ringi, likawa halina budi kukerezwa. Neno hili nalipenda. Ni neno lilelile la vitanda vya pwani, miguu ya mviringo inayochongwa huku mti ukizunguka, na sasa limehamia kwenye chuma bila kubadilisha hata herufi moja. Fundi wa kukereza anakaa karibu na soko. Nilimpelekea bloku peke yake, akanirudisha mlangoni.

“Pistoni iko wapi?”

“Nitaagiza. Nimeambiwa ya saizi ya hamsini.”

“Ilete kwanza. Sichongi kwa kuambiwa.”

Tundu la CG likiwa jipya lina upana wa milimita 56.5. Pistoni ya hamsini imeongezwa nusu milimita, basi kwa hesabu ya karani tundu linakuwa 57 na kazi imekwisha. Kwa hesabu yake yeye, pistoni mbili za boksi moja hazilingani, na kati ya pistoni na ukuta pana nafasi ndogo kuliko unywele, ambayo ikizidi injini inagonga na kula oili, ikipungua pistoni inavimba kwa joto na kung’ang’ania. Kwa hiyo anapima ile utakayoifunga, siyo ndugu yake. Pistoni ya kawaida iko kila duka, ya hamsini ilikuja kwa basi kutoka Kariakoo baada ya siku mbili. Aliipima kwa mikromita, akakereza, akasimama, akapima, akakereza tena kidogo kiasi kwamba sikuona chochote kikitoka. Mwisho akaipaka oili, akaiachia kwenye tundu bila ringi. Ilizama yenyewe, polepole, kwa uzito wake tu. Hapo ndipo alipozima mashine. Alidai 25,000.

Niliporudi Mafiga nilidhani tutafunga palepale. Mzee aliagiza maji ya moto na sabuni ya kufulia. Kijana wake aliliosha bloku kama sufuria, akalisuuza, akapitisha kitambaa cheupe ndani, kikatoka kijivu. Akaosha tena. Kitambaa cha tano kilitoka cheupe, akapaka oili upesi kabla kutu haijaingia. Vumbi la kukereza likibaki humo, aliniambia kijana, linaifanya kazi ya msasa na ringi mpya hazimalizi mwezi. Kitambaa ni kipande cha shuka kuukuu. Hakuna anayelipia kuosha, na mteja akiwa hayupo hawezi kujua kama kulioshwa.

Hapa katikati kuna mambo nisiyo na haja ya kuyakalia. Matairi mawili na tyubu zake yalikula 130,000. Klachi, brekishuu, beringi za magurudumu, sproketi na cheni vilibadilishwa kama vinavyobadilishwa popote. Umeme wa volti sita ulitusumbua kwa sababu balbu zake zimekuwa adimu. Rangi na kiti 55,000.

Kabureta, hata hivyo, lazima niiseme. Nilinunua mpya kwa 45,000 bila kumwuliza, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imeshika ukoko wa kijani na ilinitia aibu. Mzee aliipokea mpya, akaigeuza, akaiweka benchini bila neno. Kisha akachukua ile ya zamani, akaifungua, akailoweka usiku kucha, asubuhi akachomoa unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme na kuupitisha kwenye kila tundu la jeti. Waya wa chuma ungelikwaruza tundu na kulipanua. Shaba ni laini kuliko jeti yenyewe. Zilipofungwa kwa zamu, mpya ilivuja petroli kwenye sindano ya floti, ya zamani haikuvuja. Zile 45,000 nimeziandika kwa jina lake halisi: hasara.

Injini iliwaka kwenye kiki ya sita, jioni ya siku ya kumi na nane. Watoto walishangilia. Mzee hakushangilia, aliinua mkono tunyamaze, akachukua bisibisi refu, ncha akaiegemeza kwenye hedi na mpini akauweka sikioni. Akahamia kwenye bloku. Akahamia chini kwenye krenki. Nilimwomba anieleze, akanieleza akiwa bado ameinama. Mlio mwembamba wa haraka, kama cherehani, ni tapeti. Mlio wa pistoni ni mpana, unasikika injini ikiwa baridi na kufifia ikipata moto, kwa sababu pistoni inatanuka na kujaza nafasi yake. Mlio wa konrodi ni mzito, unatoka chini, na ukiipa injini mzigo ndipo unapozidi. Wa kwanza unarekebishika kwa spana, wa pili unaweza kuishi nao, wa tatu ukiusikia simama ulipo.

Aliizima, akaiacha ipoe mpaka kesho yake, ndipo akafungua kifuniko cha tapeti. Kitabu cha pikipiki hii kinataka nafasi ya milimita 0.08 kwa valvu zote mbili: sehemu nane za milimita iliyogawanywa mia. Aliiweka kwanza kwa vidole, akiutikisa mkono wa roka na kusikiliza kugonga kwake kidogo, akakaza nati. Kisha akanipa mimi filageji nihakikishe. Bati la 0.08 liliingia kwa kusita, kama karatasi inayopita chini ya mlango. La 0.10 lilikataa. Aliniambia niwe mwangalifu na valvu iliyobana zaidi ya ile inayolia, kwa sababu iliyobana haifungi vizuri, inaungua kimya kimya, na kimya hicho mwenye pikipiki hukifurahia.

Siku ya kumi na tisa nilimwuliza gharama. Alitazama pikipiki, akatazama mikono yake.

“Sabini.”

Elfu sabini, yeye na vijana wawili. Usiku ule nilipiga hesabu nikiwa nimekaa kitandani. Sabini katika mia tisa na saba haifiki nane kwa mia. Ni karibu nusu tu ya bei ya matairi. Inaizidi kwa kidogo tu hela ya rangi na kiti. Ndiyo iliyoamua kama zile 837,000 nyingine zitakuwa pikipiki au chuma chakavu, na kwenye daftari imekaa mstari mmoja, kati ya balbu na msasa. Nakiri kwamba mwanzoni nilikuwa nimejiandaa kumwomba apunguze. Sisi sote tunafanya hivyo. Dukani bei ya tairi tunaitikia, kwa fundi tunaanza na maneno ya undugu, kwa sababu tairi tunalibeba na kuondoka nalo, na kujua kwake tunakuacha pale chini ya mwembe tukidhani hatujachukua kitu. Tumekichukua. Kila kona ya Mgeta ninayopanda kwa gia ya pili nimekibeba.

Nilirudi kwake baada ya kilomita 1,000, oili iliyotoka ikiwa nyeusi lakini laini, bila chembe za kung’aa kidoleni. Akamimina mpya, akawasha, akachukua bisibisi lake. Safari hii aliposikiliza kwa muda alinigeuzia mpini, akauweka sikioni mwangu, ncha akaishikilia yeye.

Mwanzoni niliisikia kelele tu. Akasogeza ncha kidogo. Nikasikia cherehani. Akaishusha, cherehani ikaenda mbali, ukaja mvumo mzito ulio sawasawa kama mawe ya kusagia mtama. Nilingoja mlio wa kugonga ndani yake, haukuja.

“Unamsikia?”

“Namsikia, Mzee.”

Nikamwuliza ya leo ni kiasi gani. Oili nilikuwa nimekuja nayo mwenyewe. Alikuwa tayari ameinama kwenye pikipiki nyingine.

“Leo sijafanya kitu, mwanangu. Nimesikiliza tu.”

Nilikaa kwenye tairi lililolazwa pale, nikatoa daftari. Nikaandika tarehe, mbele yake nikaandika *Kusikiliza*, na kwenye safu ya fedha nikaandika 10,000. Nikachomoa noti kutoka kwenye bunda la wiki, nikaiweka juu ya benchi, nikaikandamiza kwa ile plagi ya zamani ili upepo usiichukue.