Magazeti na Taaluma za Insia

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipotunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021, magazeti yetu yalitangaza habari hiyo kwa herufi kubwa. Kisha ukazuka ubishi: ni wetu au si wetu? Uraia wake ulijadiliwa kuliko vitabu vyake, na kwamba alifundisha fasihi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, likawa jambo la kupita tu. Mwaka uliofuata riwaya yake Paradise ilitoka kwa Kiswahili, Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hapo ndipo palipotakiwa uhakiki hasa: je, lugha ya pwani imerudi kwao salama? (Mtunga mashairi, naungama, huona njaa ya maswali kama hayo.)

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ilitungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mhariri huifungua mezani pake neno linapomtatiza, lakini ni nadra kumtuma mwandishi Mlimani akaulize kamusi hutungwaje. Mwandishi hutumwa kwenye mahafali, na kwenye mgomo. Ifikapo Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, kurasa hujaa hotuba za wakubwa.

Basi mzazi asomaye magazeti hayo humkataza mwanawe kusomea historia au lugha, kwa kuwa hajapata kuona kazi ya wasomi hao ikielezwa kuwa ni kazi.